Wahusika wa tamthilia waliostahili kubaki: wanaofufuliwa ni wale wale, akina Darla wanazikwa jumla

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Leo sina siasa na wala siuzi kiwanja, nina dukuduku la tangu 2006 naona nilitoe tu humu maana nyumbani washanichoka.

Ni hivi. Hizi tamthilia za Marekani zisizoisha zina tabia moja, mtu akifa usikimbilie kutandika mkeka wa msiba. Chukulia The Bold and the Beautiful, ilianza Machi 1987 na mpaka leo inaruka, sasa katika miaka yote hiyo unadhani waandishi wanapata wapi stori? Wanafufua watu. Taylor, mmoja wa masteringi wa kike, 1994 ikasemwa kafa kwenye ajali ya ndege, kumbe yuko Morocco kwa mwanamfalme Omar. 2002 akapigwa risasi na Sheila, yule adui mkuu, tukalia, akazikwa, 2005 huyo karudi na kwa mara nyingine ni Omar huyo huyo ndiye alikuwa anamtunza. Sheila mwenyewe ndo usiseme. 2022 alijikata kidole cha mguu ili waamini kaliwa na dubu!! Na 2024 Steffy akamchoma kisu, watu tukashangilia hadi majirani wakauliza kuna nini, maiti imefika pa kuchomewa Deacon, mpenzi wake, anatupia jicho miguuni anakuta vidole kumi kamili. Kumbe aliyekufa ni mwanamke mwingine kabisa aliyetengenezwa sura kama ya Sheila. Haya.

Sasa hoja yangu. Wanaofufuliwa ni maadui na masteringi. Yule mhusika wa kawaida, anayefanya kazi kwa mshahara, mwenye utani, anayewabembeleza masteringi wakiachwa, huyo akifa kafa. Na mara nyingi hafi kwa stori yake, anakufa ili steringi apate kitu cha kulilia miezi mitatu.

Mfano wangu mkuu ni Darla.

Kwa msiomkumbuka, Darla alikuwa karani wa Sally Spectra, nywele za dhahabu, sauti ya kitoto, kila siku anachelewa kuelewa utani ila moyo wake mweupe. Spectra ilikuwa kampuni ya kukopi mitindo ya Forrester, ile familia tajiri ya mitindo, na kuiuza bei chee, yaani ni kama mafundi wa Kariakoo, nguo ikionekana kwa msanii leo keshokutwa imeshaning'inizwa dukani. Pale Spectra kulikuwa na Sally, fundi mzee Saul, Clarke, Macy na Darla. Binafsi nyumba ile ya wababaishaji ilinipa raha kuliko jumba la Forrester ambako kila mtu anaongea akiangalia dirishani.

Darla amekaa pembeni miaka na miaka analeta chai na umbea. Baadaye ndo wakampa maisha, akazaa na Thorne wa familia ya Forrester, mtoto Alexandria, wakaoana. Nikasema alhamdulillah, angalau mmoja katika wanyonge kapata. Hazikupita siku nyingi.

Usiku ule Phoebe, binti wa Taylor na Ridge steringi wa kiume, tairi limeharibika barabarani. Darla akatoka kwenda kumsaidia. Hapo angalia, mke wa mtu, mama wa mtoto mdogo, anainama gizani kwenye barabara ya magari yanayokimbia anahangaika na tairi la gari la mtoto wa mwenzie. Taylor naye akatoka na gari kumfuata binti yake, huku kileo kiko kichwani. Akamgonga Darla. Darla akafia hospitali.

Sasa kinachoniuma si kifo. Baada ya pale stori yote ikawa ya Taylor, Taylor anajuta, Taylor analia, Taylor anaficha siri, Taylor anatubu, tunaambiwa tumwonee huruma Taylor. Alafu mwaka uliofuata Thorne akampenda nani? TAYLOR. Mwanamume kampenda aliyemuua mkewe, akataka kumuoa kabisa, na mtoto Alexandria anaangalia.

Subiri sijamaliza. Alexandria akakua, akaitwa Aly, 2013 akarudi kwenye stori akiwa msichana. Nikasema haya sasa haki ya Darla inakuja. Wakamfanya kachanganyikiwa akili, anaona maono ya mama yake, na 2015 akapambana na Steffy barabarani, Steffy akampiga katika kujitetea, Aly akafa. Steffy ni mtoto wa nani? Wa Taylor. Mama kamuua mama, binti kamuua binti, na wote wawili waliofanya hivyo wakabaki kwenye tamthilia wanabadilisha gauni.

Haya leteni wa kwenu, awe wa Bold, Isidingo, wa kwetu, popote. Ila leteni na sababu, sio jina tu alafu unakimbia.

#2

Ngoja niweke kiti hapa. Huu uzi utanikuta mpaka usiku.

#3

Mleta uzi una chuki binafsi na Taylor 😂 Taylor hakukusudia, ilikuwa ajali, na yeye ndiye pekee katika ile familia aliyekuwa daktari wa akili za watu, wengine wote kazi yao kushona na kuachana. Kwangu mimi Taylor alistahili kila kurudi aliorudi. Bila Taylor, hasimu wake Brooke angekuwa anagombania Ridge na nani? Na ukae ukijua wamembadilisha waigizaji, Hunter Tylo akaondoka, 2021 akaja Krista Allen, baadaye Rebecca Budig, maana yake watazamaji bado wanamtaka.

Ila la Thorne kumpenda nakuunga mkono, ile ilinishinda hata mimi.

#4 (mleta uzi)

Dada yangu hapo juu sina chuki, Taylor nampenda hadi kero. Ila umeona ulichokisema, Taylor wamebadilisha waigizaji watatu ili jina libaki. Darla hata swali hakuulizwa. Mwigizaji wake Schae Harrison walimwita tena miaka ile ya Aly, unajua aje kufanya nini? Aje kuwa maono kichwani mwa mwanae. Unamlipa mtu nauli aje kuwa mzimu!

Na Macy je? Binti wa Sally, mlevi aliyepona, sauti nzuri ya kuimba, mke wa Thorne zaidi ya mara moja. 2000 gari likalipuka, kafa. Akafufuliwa kutoka Italia, tukafurahi, 2003 taa kubwa ya darini ikamwangukia akiwa jukwaani anaimba. Taa! Yaani mtu kaponea kwenye moto akauawa na balbu. Huyo ni wa upande wa Spectra pia. Hesabu wenyewe nani anafufuliwa akabaki na nani anafufuliwa kwa muda.

#5

Mimi niwarudishe ITV enzi za Isidingo. Wale wa Dar mnajua, ikifika muda wa Isidingo hata mama aliyekuwa anasonga ugali anaacha mwiko kwenye sufuria. Tamthilia ilianza Julai 1998 Afrika Kusini ikafungwa Machi 2020, mambo ya mgodi wa dhahabu Horizon Deep na baadae kituo cha televisheni, na familia ya Matabane, Agatha na Zebedee, ambao kusema kweli walikuwa kama majirani zetu, wanagombana kwa adabu.

Mimi wangu ni Lee Haines, binti wa Barker Haines. Baba shetani kabisa, pesa, suti, kila neno mtego, lakini mbele ya Lee unaona kuna kitu kinamlegea usoni. Ndo maana Barker alitisha, maana ulijua anao moyo ila hautumii. Sasa aliyeigiza Lee, marehemu Ashley Callie, alipata ajali ya gari Februari 2008 akafariki baada ya siku chache. Hapo huwezi kumlaumu mwandishi, kifo cha kweli hakina skripti. Ila kwangu Barker bila Lee akabaki kuwa adui wa kawaida tu. Kuna wahusika kazi yao ni kumfanya mwingine awe mtu, mmoja akiondoka wanaondoka wawili.

Cherel sasa. Huyo ndiye mwanamke niliyemwogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Anaua huku anatabasamu na kitambaa shingoni kimekaa sawa. Aliondoka akarudi na kurudi kwake mtaa mzima tulijua. Michelle Botes aliyemwigiza ametutoka Desemba 2024, Mungu ampumzishe. Mleta uzi unasema maadui wanafufuliwa kama vile ni kosa, mkuu adui kama yule ukimuua unafunga duka.

#6

Wote mnaongea kama wahusika wanaondoka kwa sababu mwandishi kaamka vibaya. Ngoja niwape ishu ya Generations, tamthilia ya Afrika Kusini, mwaka 2014.

Wale waigizaji wakubwa 16 waligoma. Walitaka nyongeza ya mshahara, mikataba ya miaka mitatu badala ya kuhangaika kila mwaka, na sehemu ya hela tamthilia inaporudiwa na kuuzwa nchi nyingine. Yaani ile uliyokuwa unaangalia wewe huku, wao walikuwa wanadai hela yake. Agosti wakafukuzwa wote 16. Tamthilia ikasimama miezi miwili, Desemba mosi ikarudi na jina Generations: The Legacy na sura mpya kibao. Queen, Dineo, Sibusiso Dlomo wa marehemu Menzi Ngubane, wote wamekwenda na maji. Stori zao zikakatwa katikati, ndoa haijulikani, ugomvi haujulikani, mtoto wa nani haijulikani.

Kwa hiyo ukiniuliza mhusika aliyestahili kubaki nasema Queen Moroka, na sababu ni ya mshahara. Yule mama alianza kama mtu wa mapokezi mwenye makelele, wigi kila wiki jipya, na akapanda taratibu mpaka watu wakawa wanawasha tivii kwa ajili yake. Hiyo ndiyo Darla wa mleta uzi, tofauti ni kwamba Queen alipewa nafasi ya kukua. Alafu ukaja mgogoro wa hela ukamfuta.

Na walipohitaji kuuza jina jipya wakamrudisha nani? Karabo, Connie Ferguson, aliyekuwa ameshaondoka tangu 2010. Steringi. Kwa hilo mleta uzi umeshinda.

#7

Kenya hapa. Najua mtasema si tamthilia ya mapenzi ni vichekesho lakini niacheni. Papa Shirandula. Bawabu anayevaa suti akitoka nyumbani ili mkewe Wilbroda ajue anafanya kazi ofisini, akifika kazini anabadilisha sare. Charles Bukeko alifariki Julai 2020 na kipindi kikafa naye, runinga ya Citizen hawakujaribu kutuletea Papa mwingine na walifanya vyema, maana kuna jina halipokezani.

Ila mimi kilio changu ni Wilbroda na Njoroge na wale wengine. Wangebaki angalau sizoni moja. Tungeona Wilbroda akigundua ukweli mzima wa ile suti, mjane anafungua kabati anakuta sare ya ulinzi imekunjwa. Hiyo ingekuwa episodi ya kuonyeshwa chuoni. Basi.

#8

#7 umeniliza ofisini bana.

#9

Na Sally Spectra wamemfanya nini? Mimi niliacha kuangalia akiwa hai.

#10 (mleta uzi)

Mkuu hapo umegusa penyewe, kaa nikuelezee maana Sally ndiye anaonyesha kwamba waandishi wakitaka kuheshimu mtu wanaweza.

Darlene Conley aliyemwigiza Sally alifariki Januari 2007 kwa saratani. Mwanamke wa nywele nyekundu, mikufu mizito, sauti inayofika barabarani, anampenda mwanaume anatangaza, anaiba mitindo anatangaza. Wote tulijua hakuna mwingine anayeweza kuvaa yale mawigi. Waandishi wangeweza kumuua, ingekuwa rahisi, msiba wiki mbili na watazamaji wangejaa. Hawakumuua. Wakasema Sally kastaafu, yuko Ufaransa kwenye pwani anakula maisha. Mwigizaji amekufa, mhusika yuko hai. Ni kinyume kabisa cha kawaida yao, maana wengine waigizaji wako hai wanalipa kodi na wahusika ndo maiti.

2017 wakaleta msichana, mjukuu wa nduguye, naye anaitwa Sally Spectra, akafufua na duka lile la kukopi. Mwanzo nilinuna, nikasema jina halirithiwi kama kanga. Lakini alikuwa mcheshi na alipigana na wakubwa hadi basi, Courtney Hope alimbeba vizuri. Alafu wakafanya nini? Ile ile. Akawekwa kwenye mapenzi na Wyatt, akaachwa kwa ajili ya Flo ambaye ni wa damu ya Logan, ukoo wa Brooke, akafanywa mwongo anayejifanya anakufa, akaondoshwa 2020. Karithi jina na mkosi wake. Basi akahamia The Young and the Restless na huko wakampokea vizuri, sasa hii inaonyesha tatizo halikuwa mhusika.

Na kwa anayesema mimi sipendi watu wafe, hapana. Stephanie, mama wa familia ya Forrester, alikufa 2012 na sitaki arudi. Susan Flannery alikuwepo tangu episodi ya kwanza, aliamua kupumzika mwenyewe, wakampa saratani ya mapafu na muda wa kuaga. Akafia mikononi mwa Brooke. Brooke! Mwanamke aliyemwita kila jina kwa miaka ishirini na tano. Kile kifo kilikuwa cha Stephanie mwenyewe, hakikuwa cha kumpa mtu mwingine kitu cha kulilia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema tangu juu.

Storm Logan je? Alijipiga risasi 2008 ili moyo wake wapewe Katie. Kaka mtu kajitoa roho, na Katie akaendelea na maisha, akaolewa na Bill Spencer, akaibiwa huyo mume na dada yake Brooke. Yaani moyo wa Storm umevunjwa hata baada ya Storm kufa. Nacheka ila siyo vizuri.

#11

Mimi nawaangalia tu. Sisi wa tamthilia za Mexico hatuna shida hizi. Cuando Seas Mía, Paloma kapata shida, kapata shamba la kahawa, kapata Diego, harusi, kwaheri. Adui anakufa wiki ya mwisho na hafufuki maana hakuna wiki nyingine. Nyie mnaoangalia kitu kilichoanza kabla hamjazaliwa mnatafuta nini?

#12 (mleta uzi)

Tunatafuta umbea wa watu tunaowajua bibie. Paloma ulimjua miezi mingapi? Brooke mimi najua wanaume zake kuliko ninavyojua mashemeji zangu.

#13

Niko Uingereza huku, bibi niliyekuwa namtunza kazini ndiye alinifundisha EastEnders, usipokaa kimya saa hiyo anakufukuza chumbani. Nawapa kesi mbili za kumsaidia mleta uzi.

Kathy Beale. 2006 ikatangazwa kafa kwa ajali ya gari Afrika Kusini, yaani hata hakufia kwenye skrini. Februari 2015 tamthilia inatimiza miaka 30, huyo katokea. Na Cindy Beale, 1998 wakasema kafia gerezani akijifungua, 2023 karudi, eti alikuwa amefichwa na serikali kama shahidi. Miaka ishirini na tano! Watoto wake wamekuwa watu wazima, wamezika mama mawazoni, anabisha hodi.

Watu walipiga kelele kwamba haiingii akilini. Ndiyo haiingii. Lakini angalia ilivyozaa stori, watoto wanamkasirikia kwa kuwa hai. Hiyo hasira mimi sijawahi kuiona kwenye tamthilia nyingine, mtoto anamwambia mama bora ungekufa kweli. Kwa hiyo kufufua si tatizo, tatizo ni kufufua mtu alafu anarudi kama alienda sokoni, hakuna anayemuuliza chochote. Taylor wa kwenu alirudi mara mbili na kesho yake wote wamekaa mezani wanaongelea mitindo.

#14 (mleta uzi)

#13 umemaliza kila kitu, kunywa soda popote ulipo.

Basi sikilizeni pendekezo. Darla alifia hospitali, sawa. Cindy naye alifia gerezani na wahusika waliamini. Darla arudi. Amkute Thorne hayupo kwenye jumba, mwanae yuko kaburini, na aliyemuua mwanae ni bosi wa kampuni anayeamka asubuhi kuchagua rangi ya kitambaa. Alafu muwape Darla na Taylor chumba kimoja, mlango umefungwa, wiki nzima bila muziki wa kinanda. Kama hiyo hamtaki kuiangalia niambieni kwa nini.

#15

Nataka kuiangalia ila najua watakachofanya. Siku ya pili atampenda Ridge.